Kocha msaidizi akikataa ukocha mkuu wa timu nyingine, tusikimbilie kumwita mwoga

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanikera kila dirisha la usajili linapofunguliwa. Zinavuma tetesi kwamba msaidizi wa timu kubwa kafuatwa na timu ya katikati ya msimamo, kaahidiwa awe kocha mkuu, mshahara umeongezwa, na nyumba juu. Baada ya siku mbili tatu inasikika kakataa. Hapo hapo maneno yanaanza: hajiamini, kazoea kubeba koni, anapenda kukaa nyuma ya mzungu ili timu ikifungwa asitukanwe yeye. Naona tunawakosea sana hawa watu. Nitaeleza kwa mifano ya makocha tunaowafahamu, na wenye kujua zaidi waongezee.

Tuanze na kazi yenyewe. Ukocha mkuu si ukocha msaidizi ulioongezewa mshahara, ni kazi tofauti kabisa. Msaidizi anaishi uwanjani. Ndiye anayeendesha zoezi la asubuhi, ndiye anayebaki na beki wa kushoto wenzake wakishaenda kuoga, amwonyeshe mguu gani utangulie winga anapomjia kwa kasi. Mchezaji akifiwa, akikorofishana na mkewe, akianza kuhisi nyonga inauma lakini anaogopa kupoteza namba, mara nyingi msaidizi ndiye wa kwanza kuambiwa. Kocha mkuu anaamkia mambo mengine: waandishi wa habari, simu ya mwenyekiti, simu ya mfadhili anayeuliza kwa nini kijana aliyemleta yeye hapangwi, orodha ya usajili, mawakala wamejaa getini. Wapo wenye kipaji cha hayo yote. Na wapo walioingia kwenye ukocha kwa sababu wanapenda kufundisha, na wanajua fika kwamba wakipanda cheo watafundisha kidogo kuliko wanavyofundisha leo. Mtu wa namna hiyo akikataa, amechagua kazi anayoipenda.

Sababu ya pili ndiyo hasa iliyonifanya nifungue uzi. Hiyo ofa ndani yake ina nini?

Timu inayotafuta kocha mkuu Novemba au Februari haimtafuti kwa sababu mambo yake yako sawa. Kiti kiko wazi kwa kuwa aliyekikalia kafukuzwa. Kikosi kilichomfukuzisha kipo vilevile, viongozi waliomsajilia ni walewale, na dirisha ama limefungwa ama hakuna fedha. Anayeitwa anaambiwa "njoo utuokoe".

Chukua kisa cha Brian Kidd. Desemba 1998 alikuwa msaidizi wa Alex Ferguson pale Manchester United, mtu aliyeheshimika sana, aliyekuwa na mkono wake katika malezi ya kizazi kile cha vijana waliokuja kutikisa dunia. Blackburn Rovers wakamfuata. Blackburn walikuwa mabingwa wa England 1995, nyuma yao kuna tajiri Jack Walker. Ukiangalia kwa nje, ni nani angekataa? Lakini timu ilikuwa eneo la kushuka daraja. Mei 1999 wakashuka, na mechi iliyowashusha ilikuwa suluhu ya 0-0 dhidi ya Manchester United hiyo hiyo aliyoiacha. Wiki mbili baadaye United wakabeba Ligi ya Mabingwa mjini Barcelona, juu ya ligi na Kombe la FA, na aliyekaa pembeni ya Ferguson alikuwa Steve McClaren, mrithi wa Kidd. Novemba 1999 Kidd akafukuzwa Blackburn.

Kisha akarudi kwenye usaidizi. Manchester City aliingia 2009 na kutoka 2021. Mancini akaja na kuondoka, Pellegrini akaja na kuondoka, Guardiola akamkuta na akabaki naye. Ubingwa wa ligi mara tano akiwa ndani ya benchi lile. Sasa niambieni, kama angewaambia Blackburn "asanteni, nabaki", sisi tungesemaje? Tungesema hana ndoto.

Nije nyumbani. Cedric Kaze, Mrundi, alipewa Yanga kama kocha mkuu Oktoba 2020. Machi 2021 akaondolewa. Baadaye mwaka huohuo akarudi Jangwani, yaani Yanga, safari hii kama msaidizi wa Nasreddine Nabi. Wengi tulishangaa: mtu anarudije kuwa namba mbili katika nyumba aliyokuwa namba moja? Lakini angalieni kilichofuata. Ubingwa wa 2021/22, ubingwa wa 2022/23, na fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, ile tuliyoipoteza kwa USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini (jumla ya mabao ikilingana, yaliyofungwa ugenini ndiyo yanaamua) baada ya kushinda 1-0 kwao. Nabi alipoondoka, Kaze akachukua ukocha mkuu Namungo, na hakufika hata nusu ya msimu. Mwaka 2024 yuko tena na Nabi, Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini, msaidizi. Mei 2025 Chiefs, klabu iliyokuwa haijagusa kombe kwa miaka kumi, wakachukua Kombe la Nedbank mbele ya Orlando Pirates.

Ubongo wa Kaze wa Namungo na wa Kaizer Chiefs ni uleule. Kilichobadilika ni watu waliomzunguka, vifaa alivyopewa na muda aliopewa. Msaidizi aliye katika nyumba nzuri anayajua haya kuliko sisi, kwa sababu anaona kila siku ni watu wangapi wanahitajika ili kocha mkuu mmoja aonekane hodari.

Karibuni tujadili. Nisingependa tugeuze uzi huu kuwa wa Simba na Yanga.

#2 Mnazi wa Kariakoo

Mleta mada nimekusoma hadi mwisho, umeandika vizuri, ila sikubaliani nawe.

Mchagua jembe si mkulima. Joachim Löw alikuwa msaidizi wa Klinsmann timu ya taifa ya Ujerumani 2004 hadi 2006, akakubali kupanda, 2014 akachukua Kombe la Dunia. Hansi Flick alikuwa msaidizi pale Bayern, Novemba 2019 akapewa timu baada ya Kovač, msimu ukaisha na makombe matatu na Barcelona kala nane. Bob Paisley alikuwa nyuma ya Shankly miaka yote, 1974 akapewa Liverpool, akabeba Kombe la Ulaya 1977, 1978 na 1981. Hapa kwetu Hemed Suleiman "Morocco" alikuwa msaidizi wa Taifa Stars. Januari 2024 katikati ya AFCON kule Ivory Coast kocha wake Adel Amrouche akafungiwa, yeye akashika timu, tukatoka sare na Zambia na Kongo, na baadaye akatufikisha AFCON nyingine. Hao wote wangekataa wangejulikana na nani?

Mpira wetu unalia kila siku kwamba makocha wazawa hawaaminiwi. Sasa mzawa akiaminiwa na kukataa, tunamlalamikia nani? Kila anayekataa anawafungia mlango wenzake kumi, maana kiongozi atasema "niliwapa wazawa wakakataa", atapanda ndege kutafuta mgeni.

#3 Mke wa Kocha

Mimi nimeolewa na mtu wa benchi la ufundi, naomba nisiseme timu wala mkoa.

Mnajadili makombe, nami nawaletea yanayojadiliwa nyumbani usiku. Ofa ya ukocha mkuu ikija, sisi swali letu la kwanza si ukubwa wa mshahara. Ni kama huo mshahara unalipwa. Kuna timu inamwandikia kocha fungu kubwa kwenye karatasi, mwezi wa tatu unaanza kusikia "tuvumilie, udhamini haujaingia". Kwa msaidizi wa timu kubwa, mshahara unaweza kuwa mdogo lakini unaingia, na timu ikishinda kuna posho ya ushindi, ikifika hatua ya makundi Afrika kuna kitu kingine. Ukijumlisha mwaka mzima, msaidizi wa timu inayoshinda anaweza kumzidi mbali kocha mkuu wa timu inayohangaika.

Halafu kuna watoto. Timu iko mkoa mwingine. Tukihama wote, watoto wanabadilisha shule katikati ya muhula, na baba yao anaweza kufukuzwa kabla hata hawajazoea walimu. Tukibaki, yeye anaishi peke yake kwenye nyumba ya klabu, tunaonana mapumziko ya kupisha timu ya taifa. Niliwahi kumwambia mume wangu akubali tu, nisije nikawa kizuizi cha maisha yake. Alinijibu kwamba hataki kazi ambayo mkataba wake ni wa miaka miwili lakini kila mtu mjini anajua ni wa mechi tano. Akakataa. Mtaani wakasema mke ndiye kamkataza.

#4 Kocha wa Madaraja

Dada hapo juu, pole, na asante kwa kusema.

Mimi ni kocha, nimesaidia timu za madaraja ya chini Kanda ya Ziwa, na nimewahi kukataa ukocha mkuu. Siitaji klabu. Niliwauliza maswali machache, na majibu ndiyo yaliyoamua.

Swali la kwanza: nani anasajili? Wakasema kuna kamati ya usajili, mimi nitapewa taarifa. Yaani nitahukumiwa kwa wachezaji niliokabidhiwa. La pili: naweza kuja na watu wangu? Nilitaka kocha wa makipa mmoja na kijana anayekata video za mechi. Wakasema benchi limeshajaa, waliopo ni watu wa klabu. Hapo mwenye akili anaelewa. Unaingia chumba ambacho wasaidizi wako wote wana namba ya simu ya mwenyekiti, na mmoja wao alikuwa anategemea hicho kiti chako. Ukibadilisha mfumo Jumanne, Jumatano bodi imeshajua, Alhamisi wachezaji wanajua kwamba bodi haijapenda.

La tatu niliuliza malimbikizo ya wachezaji. Waliochukia swali hili ndio walionipa jibu.

Watu hawajui kwamba kocha mkuu anakula alichopika mtu mwingine. Wachezaji wasiolipwa hawagomi waziwazi. Wanakuja mazoezini, wanakimbia, lakini mpira wa pili hawaufuati. Kwenye ripoti inaandikwa "kocha kashindwa kuwapa ari".

Kukataa kwangu hakukuwa na uhusiano wowote na kuogopa presha. Presha ninayo hata nilipo.

#5 Mleta uzi

Mnazi wa Kariakoo, hoja yako ni nzito, hasa hiyo ya kuwafungia mlango wazawa wengine. Nitairudia. Lakini itazame orodha yako vizuri. Löw alipandishwa palepale Ujerumani. Flick alipandishwa palepale Bayern. Paisley alikuwa Liverpool tangu 1939, alipopewa timu alimjua mpaka mfua jezi. Morocco alishika Stars aliyokuwa nayo. Wote wanne walipanda ngazi ndani ya nyumba waliyoijenga wenyewe. Wachezaji wanawajua, wahudumu wanawajua, na mbinu zilizokuwa zikitumika zilikuwa na jasho lao.

Uzi wangu unahusu kupandishwa mahali pengine. Hapo hadithi inabadilika sana. Pep Lijnders aliondoka Liverpool Januari 2018 kuwa kocha mkuu wa NEC Nijmegen, daraja la pili Uholanzi. Walimtaka awapandishe, hawakupanda, Mei kazi ikaisha, Juni kesharudi Liverpool kwa kocha Klopp. Mwaka mmoja baadaye ana medali ya Ligi ya Mabingwa, mwaka mwingine ana ya Ligi Kuu. Klopp alipoondoka 2024 akajaribu tena, Salzburg, Desemba akafukuzwa. Mwaka 2025 Guardiola akamchukua kuwa msaidizi wake City. Watu wenye macho makali kuliko wote kwenye mpira, Klopp na Guardiola, wanamgombea mtu ambaye klabu mbili zilimwona hafai. Steve Holland naye, fainali mbili za Euro akiwa pembeni ya Southgate wa England, akaenda Yokohama F. Marinos ya Japani, Aprili 2025 akaondolewa kabla msimu haujakolea.

Hii haina maana hawawezi. Kila kocha mkuu mgeni anaanza na akaunti ya imani isiyo na kitu, na msaidizi anayehama anaanza na pungufu zaidi, kwa sababu wachezaji wapya wanamwona kama mtu aliyekuwa anatekeleza mawazo ya mwingine. Akifungwa mechi tatu, wanasema waziwazi: "Alikuwa msaidizi tu."

Halafu kuna jambo ambalo hatulitofautishi. Msaidizi yuko wa aina mbili. Yupo msaidizi wa kocha, anayekuja na bosi wake na kuondoka naye. Na yupo msaidizi wa klabu, anayebaki wote wakipita. Tazama Selemani Matola. Nahodha wa zamani wa Simba, alirudi klabuni hapo Desemba 2019 akitokea Polisi Tanzania. Kuanzia hapo hadi Fadlu Davids alipoondoka Septemba 2025, ukiwaacha makaimu, walipita Sven Vandenbroeck, Didier Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho, Benchikha na Fadlu. Makocha wakuu saba ndani ya miaka isiyotimia sita! Kuna wakati alitolewa benchi akapelekwa kwa vijana, akarudi. Benchikha alipoondoka Aprili 2024, waliokabidhiwa timu wamalize msimu walikuwa Juma Mgunda na yeye.

Mtu wa namna hiyo ana kitu ambacho hakuna kocha mkuu wa ligi yetu anacho: muda. Anamwona kijana wa miaka kumi na saba akiingia, anamwona akiwa mkubwa. Anaijua historia ya goti la kila mchezaji. Mgeni akitua uwanja wa ndege, wa kwanza kumweleza nani ni nani ni yeye. Pale Liverpool alikuwepo Ronnie Moran, aliingia klabuni 1949 kama mchezaji na kutoka 1998, akapita kwenye kile chumba cha kuhifadhia viatu walimokaa akina Shankly, Paisley na Fagan wakipanga timu. Aliikaimu timu ilipohitajika, akarudi kwenye nafasi yake. Mashabiki wa Liverpool hawamkumbuki kama mtu aliyeshindwa kupanda.

#6 Mgeni wa Jiji

Mleta mada mbona umemruka Mourinho? Alikuwa mkalimani na msaidizi Barcelona chini ya Bobby Robson na Van Gaal. Akathubutu. Leo angekuwa bado anatafsiri.

#7 Mleta uzi

Mkuu, Mourinho anafaa sana hapa. Kiti chake cha kwanza kilikuwa Benfica, Septemba 2000. Desemba mwaka huohuo alikuwa nje. Timu ilikuwa inacheza vizuri. Kilichomwondoa ni uchaguzi wa klabu. Rais aliyemwajiri alishindwa, rais mpya alikuja na kocha wake kichwani, na Mourinho alipodai ahakikishiwe mkataba wakaachana naye. Akaenda União de Leiria, timu ndogo, akajenga jina kimyakimya, na Januari 2002 Porto wakamwita. Yaliyofuata mnayajua, Kombe la UEFA 2003 na Ligi ya Mabingwa 2004.

Kwa hiyo hata bingwa wa kuthubutu nusura azikwe na uchaguzi wa viongozi. Klabu zetu nazo zina uchaguzi. Msaidizi anayefuatwa na mwenyekiti aliyebakiza miezi michache madarakani ana haki ya kujiuliza nani atamlinda baada ya kura.

#8 Mswahili wa Carolina

Niko Marekani, South Carolina. Mpira wao si huu wetu, wanashika kwa mikono, lakini jambo hili hili limewahi kuzungumzwa sana hapa.

Brent Venables alikuwa anasimamia ulinzi wa timu ya Chuo Kikuu cha Clemson kuanzia 2012. Walichukua ubingwa wa taifa mara mbili, msimu wa 2016 na wa 2018, na 2016 alipewa Tuzo ya Broyles, ambayo hutolewa kwa kocha msaidizi bora wa vyuo. Kila mwaka jina lake lilitajwa kwenye nafasi za ukocha mkuu, mpaka ilifika 2020 ikaripotiwa kwamba amejiondoa kwenye mazungumzo na Auburn, chuo kikubwa kabisa. Watu wa nje hawakuelewa. Wa hapa walielewa. Watoto wake wa kiume walikuwa wanacheza katika timu hiyohiyo ya Clemson. Baba anaenda kazini na anawafundisha wanawe. Na mshahara wake ulikuwa zaidi ya dola milioni mbili kwa mwaka, akiwa msaidizi!

Desemba 2021 alikubali, akaenda Oklahoma. Angalieni alikokwenda: chuo alichokuwa msaidizi kuanzia 1999 hadi 2011. Alichagua nyumba anayoijua. Hata hivyo msimu wa kwanza alishinda mechi 6 na kupoteza 7, wakaanza kumpigia kelele. Wa pili akashinda 10, akapoteza 3. Walimvumilia, wakamwona.

Ningependa vyama vyetu vya soka navyo viwe na tuzo ya kocha msaidizi wa msimu, yenye heshima na fedha. Kila mwaka tunampa kocha bora, na msaidizi anasimama nyuma anapiga makofi.

#9 Mnazi wa Kariakoo

Hiyo tuzo naiunga mkono. Na nakubali kwamba mifano yangu yote ilikuwa ya ndani ya nyumba, sikuiona hiyo.

Ila swali langu la wazawa hujalijibu, mleta mada. Wakikataa wote, nani atafundisha? Namungo, Kagera Sugar, Coastal, Mbeya City, hizi ndizo shule. Mgunda alikaa Coastal miaka, ndiyo maana Simba walipokwama Septemba 2022 walijua pa kugonga. Asingekubali timu ya mkoani angeitwa na nani?

#10 Mleta uzi

Ni kweli, na Mgunda ni mfano mzuri kuliko yote niliyotoa. Lakini Mgunda na Coastal ni mtu na kwao. Tanga inamjua tangu akiwa mchezaji. Akifungwa mechi tatu Mkwakwani kuna wazee wa kumtetea. Hakupelekwa kwenye mji asioujua kuzima moto wa mtu mwingine.

Mimi sisemi wakatae wote. Ninachopinga ni kumlaumu anayekataa na kumwacha aliyetoa ofa mbaya. Kama kila mzawa makini anasoma mkataba na kuurudisha mezani, basi tatizo liko kwenye mkataba. Viongozi wanamwita mzawa pale tu timu inapozama, kwa mshahara wa nusu, bila wasaidizi wake, bila dirisha. Akizama nayo wanasema mnaona, wazawa bado. Mgeni anaitwa Julai, anapewa wasaidizi watatu kutoka kwao, kambi ya maandalizi nje ya nchi na orodha yake ya usajili. Haya ndiyo yanayofunga mlango kwa wazawa, kuliko msaidizi mmoja aliyesema hapana.

Na Fadlu mwenyewe tujifunze kwake. Alishakuwa kocha mkuu Maritzburg United, akashuka kuwa msaidizi Orlando Pirates, akaenda Urusi na Lokomotiv Moscow kama msaidizi, akaenda Raja Casablanca kama msaidizi, na msimu ule wa 2023/24 Raja walibeba ubingwa bila kupoteza mechi. Ndipo Simba wakamwita 2024 akaja na benchi lake, na Mei 2025 walikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho na RS Berkane. Miaka ya usaidizi ndiyo iliyomwivisha.

#11 Kocha wa Madaraja

Mleta uzi umegusa penyewe. Niongeze la vyeti, maana halisemwi. Mashindano ya klabu ya CAF yana masharti ya leseni kwa kocha mkuu. Mwaka 2021 mnakumbuka gumzo la vyeti vya Gomes pale Simba, na Thierry Hitimana akawa ameletwa benchi. Msaidizi ambaye yuko katikati ya kozi akikubali timu, kozi inasimama, kwa sababu hakuna kiongozi atakayemruhusu kocha mkuu aondoke darasani wiki kadhaa katikati ya ligi. Akibaki msaidizi, anasoma. Wengine wanaoonekana "wamekataa ukubwa" wanasubiri cheti tu.

#12 Mnazi wa Kariakoo

Sawa kocha. Sasa tuambie wewe uliyemo, lini mtu akubali?

#13 Mleta uzi

Kabla kocha hajajibu, Mnazi, mkumbuke Arteta. Aliingia benchi la Manchester City kama msaidizi 2016. Mwaka 2018 Arsenal walimtafakari sana, wakaishia kwa Unai Emery. Hakukimbilia timu yoyote ili mradi awe mkuu. Akarudi mazoezini City, akakaa mwaka na nusu mwingine. Desemba 2019 Arsenal wakamrudia, klabu aliyokuwa nahodha wake, na Agosti 2020 akawapa Kombe la FA. Misimu yake miwili ya kwanza alimaliza nafasi ya nane na hawakumfukuza. Ukiwa na klabu ya namna hiyo unaondoka popote ulipo.

#14 Kocha wa Madaraja

Mnazi, mimi nina vipimo vyangu. Naangalia mwezi. Nikiitwa Februari, usajili umefungwa na timu inashuka, naomba wanieleze wataniweka hata ikishuka, na waandike. Wengi wanakata simu hapo. Naangalia kifungu cha kuvunja mkataba, kwamba wakiniondoa mapema wananilipa nini na kwa tarehe ipi, siyo "tutakaa tuzungumze". Nawapigia makocha wawili waliopita pale kabla yangu. Kama mmoja wao bado anadai mshahara, maneno mengine sina haja nayo. Na nauliza uwanja wa mazoezi ni wa nani, maana kuna timu za ligi zinafanya mazoezi kwa kuomba, wenye uwanja wakiwa na sherehe nyie mnalala.

Nikiitwa Juni, wakaniruhusu nije na kocha wa makipa na yule kijana wangu wa video, na orodha ya usajili tuiandike pamoja, hata iwe timu ya daraja la pili mkoa wa mbali, mimi siku hiyohiyo nafunga begi.